Kamera ukumbini kwenye nyumba ya wageni Ngamiani: nimekosea wapi, na nitengeneze vipi?

BintiNgamiani

Assalaam aleikum wanajukwaa, na habari za jioni kwa nyote.

Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu. Nina nyumba Ngamiani hapa Tanga, aliniachia marehemu mama. Ni ile nyumba ya Kiswahili mnayoijua: baraza mbele, ukipita mlango mkubwa unakuta ukumbi mwembamba umenyooka katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mwisho wa ukumbi kuna mlango wa kutokea uani. Uani ndiko liliko jiko, mabafu mawili na choo. Tangu mwaka juzi napangisha vyumba vinne kwa siku kupitia mtandao. Cha tano nalala mwenyewe siku nikiwepo, cha sita ni stoo. Wageni wangu ni watu wa harusi, watu wanaokuja kutazama Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, na siku hizi vijana wanaokuja kwa shughuli za bomba la mafuta kule Chongoleani.

Ramadhani iliyopita niliibiwa mtungi wa gesi wa kilo 15. Wiki mbili baadaye pasi na mashuka mawili. Siku hiyo nyumba ilikuwa na wageni wa aina nne wasiojuana, kila mmoja akaapa si yeye. Nililia, maana gesi ile ndiyo kwanza nimeijaza. Nikamwita fundi, akanifungia kamera mbili. Moja aliipachika kwenye holda ya taa ya ukumbini, ni zile za umbo la balbu zinazozunguka. Ya pili uani, inatazama jiko. Vifaa na ufundi vilinigharimu 210,000. Kwenye tangazo langu nikaongeza sentensi moja: "Nyumba ina ulinzi wa kamera." Basi. Sikusema ziko ngapi, wala ziko wapi, wala nani anatazama.

Mwezi uliopita akaja mama mmoja wa makamo kutoka Korogwe na mabinti zake wawili, wamekuja harusini kwa ndugu yao. Wakachukua vyumba viwili kwa siku tatu. Watu wa heshima, hata sufuria wakitumia wanaiacha inang'aa. Siku ya pili ikawa siku ya hina. Wageni wengine walikuwa wameshatoka, kwa hiyo walijua nyumba ni yao. Wakatandika mkeka ukumbini kwa sababu pale ndipo upepo unapopita, mama kavua ushungi, mabinti wana kanga kifuani, wamenyoosha miguu, mama wa hina anawachora. Umeme ukakatika. Uliporudi, ile kamera ikawaka na ikajizungusha yenyewe kama inavyofanya kila ikiwashwa: kulia, kushoto, chini, ikarudi katikati. Wote wanne wakainua macho. Walidhani siku zote ile ni taa.

Mie nilikuwa kazini Chumbageni. Simu ikaita. Yule mama hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniuliza, "Mwanangu, umetuona?"

Sikuweza kumdanganya. Asubuhi ile nilikuwa nimefungua simu kuangalia kama mfanyakazi amefagia, nikawaona wanapita kutoka bafuni. Nikamwambia ndiyo mama, nimewaona. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na mwingine nani anaona?" Nikasema hakuna. Usiku nikakaa na simu nikachungulia mipangilio ya ile programu kwa mara ya kwanza tangu ifungwe. Kuna simu mbili zimeunganishwa. Moja yangu. Nyingine ndiyo iliyoandikwa kuwa mwenye kamera, yangu imealikwa tu. Ni simu ya fundi.

Waliondoka asubuhi yake, siku moja kabla ya muda, wakaenda kubanana kwa ndugu. Nilitaka kurudisha hela zote, mama akakataa, akasema siku mbili tumelala.

Nimeizima kamera ya ukumbini lakini bado inaning'inia pale. Naomba tujadili kwa nia njema. Je, kosa langu ni kutotangaza vizuri, au kamera sehemu ya pamoja ni kosa hata ukitangaza? Na huyu fundi nimfanyeje?

PwezaMkavu

Pole sana dada. Umefanya jambo kubwa kusema kweli kwa yule mama. Wengi wangesema kamera haifanyi kazi.

Mpangishaji_Sahare

Mie nina nyumba mbili za wageni upande wa Sahare na nitasema lililo moyoni mwangu. Kosa lako ni moja tu: tangazo lilikuwa fupi. Kamera yenyewe si kosa. Hukuiweka chumbani, hukuiweka bafuni. Ukumbi ni eneo la pamoja, kila mgeni anapita, mfanyakazi anapita, fundi bomba anapita. Mtu akiwa eneo la pamoja anajua anaonekana na watu. Sasa akionekana na kamera kuna tofauti gani?

Na tusisahau nani anapata hasara. Mie nimeibiwa televisheni ya inchi 43, imetolewa dirishani usiku na mgeni aliyelipia siku moja kwa namba ya simu ambayo asubuhi haipatikani. Polisi wakaniuliza ushahidi uko wapi. Ushahidi nitautoa wapi bila kamera? Watu wanaopinga kamera waje watulipie vitu vyetu.

BabuMakorora

Mwanangu wa Sahare, nakuheshimu na hasara yako naiona. Lakini hilo la "eneo la pamoja" nataka tulitazame kwa utulivu, kwa sababu naona ndipo shida yote ilipolala.

Mie nimezaliwa nyumba kama hiyo ya Binti na nimelea wanangu humo. Nyumba zetu wazee hawakuzijenga ovyo. Barazani ni pa kila mtu. Muuza kahawa anakaa, mpita njia anapumzika, wanaume wanacheza bao, hakuna anayeuliza wewe nani. Ukitaka kuvuka mlango mkubwa unapiga hodi, unangoja uambiwe karibu. Ukumbini anaingia mtu anayejulikana. Na uani, mwanamume asiye wa nyumba hiyo haendi kabisa, hata kama ni rafiki yangu wa miaka thelathini. Akitaka maji ya kunawa ataletewa. Uani ndiko wanawake wanakuna nazi, wanasukana, wanaoga, wanaanika nguo zao za ndani.

Sasa angalia. Bafu liko uani. Chumba kiko ndani. Mgeni wako akitaka kuoga anatoka chumbani na kanga moja, anapita ukumbi wote, anakata ua, anaoga, anarudi hivyo hivyo na maji yanamchuruzika. Hiyo ndiyo njia pekee iliyopo. Milango ya vyumba yote inafunguka ukumbini, kwa hiyo macho ya kamera iliyo katikati yanaingia na vyumbani kila mlango ukiachwa wazi kwa ajili ya joto. Ukisema "sikuweka chumbani wala bafuni", kweli hukuweka. Umeweka kwenye njia ya kutoka chumbani kwenda bafuni. Mtu aliye na choo na bafu ndani ya chumba chake anaweza kuusema ukumbi eneo la pamoja na maneno yakaeleweka. Kwa nyumba ya Ngamiani, ukumbi na ua ni sitara.

Na kuonekana na watu si sawa na kuonekana na kamera. Mtu akiingia namsikia viatu, nasikia hodi, najifunika. Hiyo kamera ilipiga hodi lini?

MamaYusra

Babu Makorora shikamoo. Umesema kilichokuwa kinanikwama.

Mie nasafiri sana kikazi, Tanga, Pangani, Lushoto, na karibu kila mara nalala nyumba za watu kuliko hoteli. Naomba niongeze jambo ambalo wapangishaji wengi hapa naona hawalijui. Airbnb, ule mtandao wa kupangisha nyumba kwa wageni, walitangaza tarehe 11 Machi 2024 kwamba kamera za ndani ya nyumba zimepigwa marufuku dunia nzima, na sheria hiyo ikaanza tarehe 30 Aprili 2024. Kabla ya hapo walikuwa wanasema kama anavyosema kaka wa Sahare: sebuleni na kwenye korido ruhusa, mradi umeitangaza, inaonekana, na haitazami wanapolala watu wala bafuni. Wakauacha msimamo huo. Sasa ndani hairuhusiwi hata ukiitangaza, hata ikiwa imezimwa. Kwa hiyo dada Binti, kama tangazo lako liko huko, hiyo ya kuizima na kuiacha inaning'inia bado ni kosa. Ishushe.

Ya nje inaruhusiwa, lakini lazima mgeni aambiwe kabla hajalipia kwamba ipo na inakaa upande gani. Na hata nje kuna mipaka: haitakiwi kutazama ndani, wala sehemu ambayo mtu anatarajia kujisitiri, wametaja mfano wa bafu la nje lililozungushiwa ukuta. Niliposoma hapo nikawaza ua zetu moja kwa moja. Ukitazama paa, ua ni nje. Ukitazama maisha ya watu, ua ni ndani kuliko sebule. Ile kamera ya pili inayotazama jiko, dada, hujaisemea lolote kwenye kuzima. Mabafu yako yako hatua ngapi kutoka jikoni?

BintiNgamiani

Hatua sita. Nimetoka kuhesabu sasa hivi. Sikuwa nimefikiria kabisa, akili yangu yote ilikuwa kwenye ile ya ukumbini kwa sababu ndiyo iliyoonekana. Nimeichomoa waya.

Babu Makorora, shikamoo. Mama yangu alikuwa akisikia sauti ya mwanamume barazani anarudisha mlango wa uani kabla hata hajajua ni nani. Nimekaa nimelikumbuka hilo usiku mzima.

Mpangishaji_Sahare

Mama Yusra, sheria za kampuni ya Marekani si sheria za Tanzania. Wageni wangu wengi wananipata kwa simu na kwa kuelekezana, sipo huko kwenye mtandao wao.

Mwanakweli_TA

Kaka Sahare, basi tuje kwenye za kwetu. Nimesomea sheria, siandiki hapa kama wakili wako, naeleza tu kilichopo.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake. Angalia neno maskani. Mtu aliyelipia siku tatu, kwa siku hizo tatu hapo ndipo maskani yake.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilizinduliwa rasmi na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Watu wengi wanadhani taarifa binafsi ni namba ya NIDA na akaunti ya benki tu. Picha ya mtu anayetambulika nayo ni taarifa yake binafsi. Unayerekodi wageni wako kwa biashara, wewe unakusanya taarifa, na sheria inataka anayekusanya na kuchakata taarifa ajisajili kwenye Tume. Inataka umwambie mtu unakusanya nini na kwa lengo gani kabla ya kukusanya. Inataka uchukue kile tu kinachohitajika kwa lengo hilo, usikae nacho kupita muda wake, na ukilinde kisifikiwe na asiyehusika.

Pima kwa hayo. Lengo lako ni mwizi wa gesi. Je, ili kumpata mwizi wa gesi unahitaji picha ya mtoto wa mtu akitoka kuoga? Mlango wa kutokea barabarani ni mmoja, wa mbele. Mtungi wa kilo 15 haupiti kwenye dirisha lenye nondo. Kamera moja barazani inayotazama mlango ingemwona anayetoka nao.

Kuhusu fundi, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ila usianze kwa kumtuhumu kwamba ametazama. Anza kwa kumtoa. Na mwambie yule mama ukweli kuhusu simu ya pili, kwa sababu ulimwambia hakuna. Hilo ndilo la haraka kuliko yote.

FundiWaya

Naomba nisemee upande wetu mafundi, kwa sababu jambo hili naliona kila wiki na linaniuma.

Kamera hizi ndogo za waifai ukizifunga unapiga picha ule mchoro wa mraba ulioko mgongoni au kwenye boksi kwa kutumia programu ya simu. Simu ya kwanza kuuskani ndiyo inakuwa mwenye kamera. Wengine wote wanaofuata ni waalikwa. Fundi mwenye haraka anafungua kwa simu yake ili ajaribu kama inashika, inashika, anamwalika mteja, anachukua hela yake anaondoka. Mara nyingi hana nia mbaya, hata anasahau. Lakini yeye ndiye mwenye kamera. Anaweza kutazama, anaweza kusikiliza, anaweza kukutoa wewe.

Nimesema kusikiliza makusudi. Kamera nyingi za aina hii zina maikrofoni, na wengi hawajui kwamba inarekodi maneno. Dada Binti, huenda yaliyozungumzwa ukumbini nayo yamerekodiwa.

Cha kufanya: muite fundi aje na simu yake, aifute kamera kwenye akaunti yake mbele ya macho yako. Kubonyeza kitufe cha kuirudisha upya peke yake mara nyingi hakutoshi, kuna kampuni ambazo kamera inabaki imefungwa kwenye akaunti ya kwanza mpaka mwenyewe aiachie. Kama hatapokea simu, andikia kampuni ya kamera ukiwa na risiti yako. Muulize pia kama alijiunga na huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni, kwa sababu kama alijiunga basi zipo na huko.

Halafu kadi. Ndani ya kamera kuna kadi ndogo ya kumbukumbu. Ikijaa inafuta za zamani na kuandika juu yake. Watu wanafikiri wakibonyeza futa picha zimekwisha. Hazijaisha. Zinabaki mle mpaka ziandikwe kitu kingine juu, na mtu mwenye programu ya bure anaweza kuzirudisha. Kwa hiyo usiifute halafu ukaitumia kwenye simu au ukaiuza. Itoe.

Na kwa wageni mnaosoma: ukiingia chumba usichokijua, zima taa zote, funga pazia, subiri macho yazoee giza. Kamera nyingi za usiku zina vitaa vinavyoonyesha wekundu hafifu, na simu nyingi ukitumia kamera yake ya mbele vinaonekana vizuri zaidi. Angalia taa zenye umbo lisilo la kawaida, saa ya ukutani, kichwa cha chaja kilichochomekwa bila kazi.

Chausiku_Duga

Na sisi je?

Mie nafanya usafi kwenye nyumba tatu za wageni hapa Tanga, sitaji za nani. Mbili zina kamera ndani. Mgeni anakaa siku mbili anaondoka, mie niko chini ya kamera kila siku ya Mungu. Nikikaa kunywa chai simu inaita: mbona umekaa? Nikitandika kitanda mlango uko wazi, naambiwa shuka la pili umelichelewesha. Siku moja nilipiga magoti nikaswali Adhuhuri pale sebuleni kwa sababu ndipo palipokuwa safi, jioni nikaulizwa muda ule nilikuwa nafanya nini. Nilijibu, lakini sikuswali tena pale. Sasa nasubiri nifike nyumbani, mara nyingine Adhuhuri na Alasiri zinakutana.

Dada Binti, kwenye maelezo yako umesema ulifungua simu kuangalia kama mfanyakazi amefagia. Kamera uliweka kwa ajili ya mwizi.

BintiNgamiani

Dada Chausiku, nimekusoma mara tatu. Ni kweli. Na anayenifagilia ni mtu wa miaka, alimfagilia hata mama yangu. Hajawahi kuniibia hata kijiko. Kesho nitazungumza naye uso kwa uso, nitamwomba radhi.

Kijana_wa_Dunda

Wakubwa shikamooni. Nipo Bagamoyo, nasimamia nyumba ya wageni ya mjomba wangu karibu na Mji Mkongwe. Naomba nimjibu kaka wa Sahare, kwa sababu hoja yake ya hasara imeachwa bila jibu na sidhani kama ni haki.

Sisi shida yetu siyo gesi, ni watu. Wikiendi wanatoka Dar, wameandika watu wawili, wanashuka kumi na mbili na spika. Wakati wa tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, ndiyo usiseme. Mjomba naye alitaka kamera sebuleni. Tukabishana, mwisho tukafunga moja tu, juu ya geti la mbele, inatazama nje na kipande cha njia. Inatuonyesha wameingia watu wangapi, wametoka na nini mkononi. Kila mgogoro tuliokuwa nao tangu hapo umemalizwa na picha ya geti. Hakuna hata mmoja tulioshindwa kuumaliza kwa sababu hatuna picha ya sebule. Mtu hawezi kula televisheni, lazima atoke nayo.

Na kwa kelele kuna kifaa cha kupima ukubwa wa sauti. Hakirekodi maneno, kinahesabu tu nguvu ya kelele na kukutumia ujumbe ikizidi. Hivyo hata hao Airbnb bado wanaviruhusu sehemu za pamoja ukivitangaza, vyumbani na bafuni hapana.

Mengine ni kazi ya mikono. Mgeni akifika tunazunguka naye na daftari: televisheni hii, feni hii, mashuka manne, mtungi huu. Anasaini, nasaini. Nakala ya kitambulisho inabaki. Dirisha lenye televisheni tumeweka nondo. Mtungi tumeufungia kwenye kijumba cha chuma nje ya jiko, bomba linapenya ukutani, kuliko kukaa nao ndani. Kijumba hicho mchomeleaji wa hapa hapa ametutengenezea. Tangu hapo mashuka mawili tu, na tuliyalipwa.

Mpangishaji_Sahare

Kijana wa Dunda, ahsante, umenijibu kama mtu anayejua kazi. Hilo la kijumba cha gesi nalichukua. La nondo pia, dirisha lile lililotolewa televisheni lilikuwa la kioo cha kusukuma tu.

Sijashawishika kwa yote. Nyumba zangu zina vyumba vyenye bafu ndani, si kama ya Binti, na sebule zangu ni kama mapokezi. Lakini nimemuuliza mke wangu jana usiku: ungelala kwenye nyumba yenye kamera sebuleni? Akaniuliza, "Ya nani?" Nikasema ya mtu tu, mpangishaji. Akasema asingevua hata viatu. Nimeandika hapa kwa sababu nilitegemea jibu jingine.

Nitahamishia zangu nje. Sebuleni naacha tundu tupu.

MamaYusra

Kaka, tundu lizibe kabisa. Mgeni akiona tundu na waya unaning'inia atakaa siku zote akijiuliza.

BintiNgamiani

Nimerudi na mrejesho, samahani nimekaa wiki nzima.

Fundi alikuja. Hakubisha. Alifungua simu yake mbele yangu na mbele ya mjomba wangu, kulikuwa na kamera kumi na moja kwenye orodha yake, za nyumba za watu mbalimbali hapa mjini, hata yeye mwenyewe alishtuka kuziona zimejipanga hivyo. Alifuta zangu mbili. Anasema hakuwahi kutazama. Sina njia ya kujua na sikumwambia namwamini. Nilimwomba awapigie simu wale wengine wote mmoja mmoja, na akaanza pale pale nikiwa nasikia. Wa kwanza hakuelewa hata anaambiwa nini.

Ya uani nimeiondoa moja kwa moja. Ile ya balbu sitaitumia tena popote. Nimenunua nyingine ya kawaida, yenye umbo la kamera, inaonekana tangu barabarani, nimeifunga barazani inatazama mlango mkubwa kwa nje. Nimeisajili mwenyewe kwa simu yangu na sauti nimeizima. Ukumbini nimerudisha taa, taa kweli. Kwenye tangazo nimeandika hivi, mnirekebishe kama kuna pungufu: "Kuna kamera moja, barazani, inatazama mlango wa mbele kwa nje. Hairekodi sauti. Anayeiona ni mimi mwenye nyumba peke yangu. Picha zinafutika baada ya siku saba. Ukumbini, vyumbani, jikoni na uani hakuna kamera." Suala la kujisajili kwenye Tume nalifuatilia, Mwanakweli nitakutafuta pembeni.

Mfanyakazi wangu nilipomwambia, alisema alikuwa anajua siku nyingi. Alikuwa anaoga saa ile anayojua niko kwenye kikao. Sikuwa na la kusema.

Na yule mama. Nilimpigia siku ile ile Mwanakweli alipoandika. Nikamwambia kuna simu ya pili na ni ya nani. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Picha za wanangu ziko wapi?" Nikamweleza kama Fundi Waya alivyotueleza, kwamba ziko kwenye kadi, na kufuta hakutoshi. Fundi alithibitisha mtandaoni hakuna, hatukuwahi kulipia. Nikamuuliza mama anataka nizivunje au afanye mwenyewe. Akasema nimpelekee.

Kadi zote mbili nimezifunga kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya bahasha, nikaandika jina lake, nikampa kondakta wa basi la Korogwe asubuhi saa moja. Nikamtumia ujumbe wa namba za basi. Saa nne na nusu akanijibu neno moja: "Zimefika."